Pipi za Kwenye Ndege

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mkuyuni hatujambo, ila goti langu siku hizi linatabiri mvua. Baba yako, tangu asikie unamleta mjukuu wake kwa ndege, amepaka rangi hadi mlango wa choo.

Unaniuliza utafanyaje mtoto akilia angani na watu wakakasirika. Hofu hiyo naijua. Siku zile za kuelekea uhuru, babu yako alihamishiwa Dar, nami nikamfuata kwa ndege na baba yako, mchanga bado. Kabla ya kupaa, mhudumu alitugawia pipi tunyonye ili masikio yasizibe. Tukapaa, baba yako akaangua kilio. Chini ziwa lote linang'aa, na mwanangu analilia ziwa jingine! Nikaona haya kulitoa, maana mzungu wa mbele yetu alishageuka, amenuna.

Mama mmoja wa Ukerewe, jirani yangu wa kiti, akasema kwa sauti: "Binti, mnyonyeshe mtoto, masikio yanamuuma. Kwani huyo wa mbele shavu limemvimba kwa nini? Si naye ananyonya?"

Kumbe mzungu alikijua Kiswahili. Alicheka mpaka pipi ikamponyoka. Baba yako akanyonya, akalala.

Miaka ya baadaye, redio ilipokuwa ikiwalaani wanyonyaji, nilikuwa nacheka peke yangu jikoni.

Mtoto akilia, mnyonyeshe. Atakayenuna, mpe pipi.

Bibi yako anayekungoja