Vifaranga Waliopotea Mbele Yangu

Kambi ya reli, ng'ambo ya Malagarasi, mwezi wa Mfungo Tano. Ni masika ya pili tangu niondoke Rumonge.

Mpendwa mke wangu, Mama Shabani,

Habari zako nimezipata kwa mpagazi wa Ujiji aliyeleta chumvi. Ameniambia kuku wako ametotoa tena, vifaranga wanapotea tena, na dada yangu anataka urudishwe kwenu mlimani, Kizuka. Eti unawapeleka mlimani kwa mpfumu, yule mganga wa kwenu, awapasue matumbo akutazamie mambo yako. Nimeona niandike. Mwalimu wa chuo cha Kurani akusomee barazani, na dada awepo.

Unakumbuka wale wa kwanza, mwaka tuliooana. Ulishangaa kutuona tunakula kuku. Kwenu wanawake hawamgusi. Lakini wewe ndiye uliyewalea. Uliwafunika kwa tenga la samaki wa ndagala, ukaweka jiwe juu, ukawapa chenga za mtama. Hata hivyo walipungua. Hakuna unyoya, hakuna damu, mama yao anazunguka akilia. Tukasema ni mwewe, tukakaa nje tukitazama juu mpaka shingo zikauma. Tukasema ni kicheche, nikaziba matundu yote kwa udongo. Tukasema ni nyoka. Mwishowe ukasema, "Labda wanakwenda kwao." Hukucheka, nami sikucheka.

Dada akaja akasimama uani. "Kuku wetu hawakujua kupanda mlima mpaka ulipokuja wewe, wifi."

Ukamjibu bila kuinua kichwa: "Mlima mimi nimeushuka mara moja tu, wifi. Anayejua kuupanda ni wewe uliyekuja kwetu kumchumbia kaka yako."

Tangu hapo mnasalimiana kama watu wanaorushiana mawe.

Sasa nasema mbele ya watu wote. Siku alipopotea yule wa mwisho, nilikuwa na homa, nimelala mkekani mlangoni. Wewe ulikuwa mbele yangu unaponda chikichi. Kifaranga alikuwa chini ya tenga, nilimsikia. Hukuinuka hata kidogo. Tulipofunua, hakuwepo. Kilichomchukua sikijui. Najua si wewe.

Huku nako ni hivyo hivyo. Tunabeba udongo pamoja mchana kutwa, asubuhi nafasi ya mtu kwenye jamvi iko tupu. Msimamizi husema ametoroka. Wengine husema homa, wengine simba. Kisha tunapewa makarai, kazi inaendelea. Nimechoka kutafuta sababu.

Kwa hiyo, mke wangu, wakipotea, walee waliobaki. Usiku waingize ndani, walale chini ya kitanda chetu, nafasi ninajua ipo. Wakiisha wote, mwekee kuku mayai mengine ayaatamie. Na dada usimjibu tena. Mpelekee mawese kidogo, ndiye aliyenilea.

Kama ulitaka kumpa mpfumu kifaranga akuambie hali yangu, mwache kifaranga aishi. Mimi ni mzima, ila miguu imevimba na sauti imekauka kwa vumbi.

Mwalimu, hapa usiruke neno. Dada, kazi yangu inaisha kiangazi kinachokuja, nami nitapanda mtumbwi Ujiji kabla ya mvua za kwanza. Nikimkuta mke wangu, nitaingia nyumbani. Nisipomkuta, mzigo sitautua Rumonge. Nitapanda nao hadi Kizuka.

Ni mimi mume wako,
Baba Shabani