Mwenyekiti Asiyekaa

Chumba cha nyuma,
Karakana ya ushonaji, ghorofa ya pili.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Dada,

Salamu kwanza. Natumaini baridi ya huko imepungua na goti lako limekubali kushuka ngazi. Wifi yako hajambo, watoto hawajambo. Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi kiunoni, na kuanzia mapajani kwenda chini. Hapo katikati ndipo penye habari.

Kwa heshima na taadhima, natangaza rasmi kwamba mimi, mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani, sikai.

Ilianza na choo kigumu. Unayajua maisha ya cherehani: kazi ikibana, mtu hanywi maji asije akalazimika kuinuka, na tumbo likiita, analiambia lisubiri. La kwangu lilisubiri, kisha likalipiza. Nilihisi kama nimejisaidia vipande vya chupa, nikaona na damu. Dada, niliogopa. Nikaandika wosia kichwani, cherehani nikakuachia wewe.

Daktari, binti mwenye mikono ya baridi, alisema si bawasiri wala si jambo la kufia. Ni mpasuko tu, ngozi ya njia ya haja kubwa imechanika. Nikamuuliza atashona kwa uzi gani.

"Hapo hapashonwi, baba. Panalainishwa, panajifunga penyewe."

Basi ni maji tele, matunda, mboga na maharage. Tumbo likiita, niende hapohapo na nisijikamue. Nikitoka, nikae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Tena kuna dawa ya kupaka ya kulegeza msuli, nayo inaumiza kichwa, jambo ambalo sikulitegemea kwa dawa inayopakwa huko. Kisu kipo, alisema, lakini kinasubiri nje. Wiki zikipita bila nafuu ndipo tutakiita.

Sasa sikia. Wifi yako alimnong'oneza mke wa katibu wetu neno "mpasuko". Katibu huyo tunamwita Pasi, maana akipita mahali hapabaki mkunjo wala siri. Lilipofika karakanani, mpasuko ulikuwa umeshakuwa "upasuaji", mimi nimeshalazwa, na Pasi ameshaitisha kikao cha kuchagua mwenyekiti mpya.

Nikaenda. Wote wamekaa, mimi nimesimama nyuma ya kiti changu kile cha plastiki.

"Mwenyekiti, kaa," akasema Pasi, sauti imejaa mafuta.

"Sikai."

"Mwenye kiti asiyekaa, huyo ni mwenye nini?"

Wakacheka. Zamani ningeinamisha kichwa na kusingizia mgongo. Safari hii nilikataa. Niliwaambia kinagaubaga nina nini, kiko wapi, kimetokana na nini na kinatibiwaje, na kwamba sijiuzulu kwa ajili ya tundu ambalo kila aliyemo chumbani analo.

Fundi wa vifungo, yule mama asiyeinua macho kwenye kazi yake, akakata uzi kwa meno.

"Pasi, mwanangu, wewe makalio yako ni mazima na umekaa muda wote huo. Umetufanyia nini?"

Kura zilipopigwa, Pasi alipata moja tu, yake mwenyewe.

Nasikia huo upasuaji umefika hadi kwenu, na shemeji ameshaanza kunitafutia kitanda hospitalini. Mwambie ahsante, kitanda ampe mwingine. Maumivu yanapungua, damu imekoma, na hakuna atakayenipasua kwa sababu ya uvumi. Daktari akisema, nitalala mwenyewe. Pasi akisema, nitaendelea kusimama.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu Domo, umwambie anywe maji. Mwenyezi Mungu akulainishie kila lililo gumu.

Mdogo wako akupendaye, na ambaye bado ni

Mwenyekiti

N.B. Barua hii sikuiandika nimesimama. Nimo kwenye beseni, na maji yameshapoa.