Mashine Ilimhurumia Mbuzi

Kangundo, Jumatatu

Anti Kalekye,

Nyonga inaendeleaje? Najua Jumamosi ulishinda na simu mkononi huko Mombasa ukingoja kuona dada yangu Mwende akiozwa kwa ntheo, halafu picha ikakatika. Haikuwa netiweki. Wazee walikuwa wamemlaza mbuzi, yule ambaye bila yeye Mwende hangehesabiwa mke wa mtu. Kisu kilipomgusa tu, mashine inayokagua video huko mtandaoni ikafunga kila kitu. Ati ukatili kwa wanyama! Nikakata rufaa. Kufumba na kufumbua nikajibiwa kwamba uamuzi haubadiliki. Mjomba Mutua akauliza, "Kwani hiyo mashine inataka tumkule akiwa hai?"

Hilo tulilicheka. Lakini chini ya picha ya Mwende na mtoto wake, mtu nisiyemjua aliandika: "Mitumba hiyo, mbuzi wa nini?" Nimeripoti mara tatu, na mara tatu mashine ileile inaniambia haioni kosa. Nina hasira.

Geuza kadi hii uone picha ya simba anavyomrarua punda milia. Dukani Machakos mjini nimeuziwa bila swali.

Nyama ilikuwa tamu, Anti, na mvua ilingoja tumalize kula. Mungu akuinue upesi. Kadi ikifika, mpigie Mwende, wewe uliyemlea, umwambie yeye ni mke wa mtu. Lile tusi halipo tena. Jana usiku Mwende aliifuta picha yake mwenyewe.

Mwanao,
Kioko