Blanketi Ulilofunikia Mafuta

Kwako mume wangu Bakari, huko uliko nisikokujua,

Blanketi limefika. Limeletwa na mtu atokaye Mombasa, hana barua, ana maneno matatu tu: "Amesema usione baridi." Bakari, Moa hii ya pwani, jua hili, nisione baridi ya wapi? Miaka mitatu hujaniandikia hata mstari, leo waniletea blanketi. Wanawake wa hapa wameligusagusa wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia. Mpaka sasa sijui nililia nini. Anwani yako sina, basi barua hii naiacha wazi, atakayekuona akusomee.

Unaikumbuka safari ya Lushoto, kipupwe cha mwaka hamsini na tatu? Tulikuwa na miezi miwili tangu harusi. Tulipanda na madebe mawili ya mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Lori likatushusha jioni, soko ni kesho yake, na wewe ukakataa kuomba pa kulala kwa watu. "Kwani sisi hatuna mkeka?" ukasema. Tukautandika kando ya uwanja wa soko, ukungu ukashuka, meno yakaanza kugongana. Nilijifunga kanga zangu zote nne, wapi.

Kisha ukafunua debe. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama samli, hata kidole hakiingii. Ukaniangalia vibaya.

"Umetia nini humu?"

"Wallahi sikutia kitu."

Sikujua kama umeniamini. Blanketi tulikuwa nalo moja, la kuazima kwa mama yako. Ukalichukua, ukayafunika madebe, ukachomeka ncha zake vizuri kama unayemlaza mtoto mchanga. Mimi huyo nikabaki natetemeka. Moyoni nilisema nimeolewa na mtu apendaye mafuta kuliko mimi.

Na wewe huyo huyo ukaja ukaketi miguuni pangu, ukafungua shati, ukaichukua miguu yangu iliyokufa ganzi ukaibandika tumboni mwako. Uliruka kwa ile baridi, ukacheka, lakini hukuiachia. Nilipoamka alfajiri bado ilikuwa pale pale, nawe umelala umekaa.

Mama mmoja wa Kishambaa ndiye aliyetukuta hivyo, akashika kiuno. "Nyie wa pwani mna nini? Baridi yatoka chini, nyie mwalalia mkeka mtupu, blanketi mwayavika madebe. Mngekata majani makavu mkatandika." Alipotaka kununua mafuta, wewe ukamwomba radhi kwamba yameharibika. Akachota kidogo kwa ukucha, akajisugua mkononi, yakayeyuka. "Huku ndivyo yalivyo kipupwe chote," akasema. "Twapimiwa kwa kijiko." Kumbe blanketi lile halikuwa na kazi yoyote. Tulicheka njia nzima tukishuka mlima mpaka Mombo.

Sasa sicheki. Najiuliza aliyeondoka ni yupi, yule wa madebe au yule wa tumbo. Uliaga kwamba unakwenda kutafuta kazi, hukugombana nami, hukunipa talaka, ukapotea. Kaka yangu anasema mwezi ukiandama twende kwa kadhi Tanga, nikaombe ndoa ivunjwe. Nilishakubali, hata kanga ya safari nimeshaipiga pasi. Ndipo likaja hili. Asubuhi naliona kama unaniomba radhi. Adhuhuri naliona ni mchezo ule ule, umefunika kisicho na baridi na mwenye baridi umemwacha. Jioni naligeuza nikitafuta labda umeshonea karatasi kwenye pindo. Hakuna. Nimeshatafuta mara tatu.

Nimekukasirikia, na ninakutamani, na yote mawili yananijia kwa pamoja hata chumvi nimeitia mchuzini mara mbili leo. Lakini jambo moja nimelikumbuka vizuri. Kule Lushoto sikupata joto la blanketi hata kidogo. Nilipata lako.

Kwa hiyo hili lako sikulitandika kitandani. Nimelifunikia debe la mafuta, pale jikoni. Ukinitaka, usinitumie kitu tena. Njoo wewe, miguu yangu ni ile ile.

Ndimi mkeo, mpaka mwezi uandame.