Mkanda wa Mwanaasha

Badar, nilikuona ukitazama kandambili zako wakati Mwanaasha anapigwa. Usikatae.

Ule mkanda wenu wa utafiti, wa kifuani, wa kuhesabu mapigo ya moyo ya wakulima wa mwani, aliuvaa toka alfajiri. Akabeba viroba vibichi kichwani mpaka mchangani. Adhuhuri akauvua atie udhu, akautundika kwenye kigingi, akasali. Kosa lake hilo tu.

Alipotoa salamu, msimamizi kasimama mbele yake na ile saa inayosoma mkanda. "Bibi, moyo wako umesimama nusu saa. Ulikufa au ulilala?"

"Nilikuwa nnasali."

Akamzaba kofi. Juu ya msala, Badar. Kofi, juu ya msala.

Mwanaasha hakulia. Aling'oa kigingi akampiga nacho mdomoni, meno mawili yakaanguka mchangani, akampiga tena na tena mpaka wenziwe wakamshika. "Mvisheni yeye mkanda," akasema, "moyo wake ndio unaokwenda mbio sasa."

Yumo kituo cha polisi. Msimamizi anasema ni mvivu, kamvamia bure.

Na Kizimbani, alipopigwa yule mchuma karafuu, ulinyamaza vile vile. Sijasahau.

Karatasi uliyoandika mapigo yake unayo mkobani. Mia na sabini kwa dakika chini ya kiroba, asubuhi nzima, kisha kimya saa ya adhuhuri tu. Bila hiyo hana ushahidi kwamba si mvivu. Inuka hapo ulipo, ipeleke kituoni sasa hivi, useme ulichokiona.