Somo la "Look After"

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi ni kuvunja "look after" vipande viwili. Look, tazama. After, baada. Mke wa mwanangu naye kaanza hivyohivyo asubuhi: kutazama baadaye. Nikamwambia maneno haya huingia pamoja na kutoka pamoja, na maana yake ni kutunza — kulisha, kufua, kukumbuka saa ya dawa. Ijumaa ana usaili kwa simu. Kazi ya kutunza wazee, ng'ambo. Miaka thelathini na nne nimefundisha Kiingereza, sijapata mwanafunzi mwepesi hivi. Bahati yangu!

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi jikoni, yeye akinikata kucha za miguu. Mgongo wangu haukunjiki tena. Nikamtaka mfano. Akasema bila kubabaika: I look after my father-in-law. Sahihi, nikamwambia, ila watakuuliza ukiondoka atabaki na nani. Akakata kucha mbili zaidi.

"Baba, hilo tuliache kwanza."

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu kapiga simu kutoka mji anakofanya kazi. Eti nisijali, atatafuta mtu wa kuja mara mbili kwa wiki. Kwani njaa huniuma mara mbili kwa wiki? Akacheka, akasema mzee bado ngangari. Hajui hata dawa yangu ni ya rangi gani.

Ijumaa, 7 Machi

Kafaulu. Walimuuliza kutunza ni nini, akawajibu kwa mifano yangu yote. Sasa wanataka barua ya mtu aliyetunzwa naye, kwa Kiingereza, mwisho kesho saa kumi alasiri. Mtu huyo ni mimi. Hana mwingine.

Jumamosi, 8 Machi

Niliandika mistari mitatu ya barua, nikaichana. Sentensi moja tu ingetosha, kwamba ni mzembe, na atabaki hapa mpaka nife. Nimeshaitunga kichwani. Haina hata kosa moja.

Kaleta chai, na dawa kwenye kisosi. Karatasi hakuitupia jicho.

"Ukichoka, Baba, acha tu. Sitakununia."

Angenuna, ningejua la kufanya. Kumbe kwa miaka sita ananitunza kwa moyo, nami nilidhani ni adabu tu.

Saa nane na nusu. Yuko uani, anaanika shuka zangu.

Funga daftari, mzee. Vuta karatasi safi, andika anavyokutunza.