Maneno ya Mezani Yamefika Langas

Langas, Eldoret
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi nje kwenye kiti chako, magoti yamekupa nafuu, na Mama amekuruhusu angalau kikombe cha pili cha chai. Ule ng'ombe mweupe amezaa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku bado sijaizoea. Mahindi yamekaribia kuvunwa, kwa hivyo kazini tunauza magunia tangu tufungue hadi tufunge. Nimeweka shajara yangu hapa mbele ili nikusimulie kwa mpangilio, maana kwenye simu hunikatiza kabla sijafika mwisho.

Wiki hizi nimewakumbuka sana. Nakumbuka meza yetu, taa katikati, sufuria ya githeri ikitoa mvuke, na wewe umeinua kijiko: "Kabla ya kula, neno moja." Lazima mmoja wetu ataje kitu kilicho mezani, na wewe utuambie jina lake lilitoka wapi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba meza ililetwa na Wareno, sahani na sufuria zikatoka kwa Waarabu, na chapati ikatoka India. Mama alikuwa akikulalamikia: "Mwalimu, waache watoto wale. Maneno hayapoi, chakula ndicho kinapoa." Kamau naye alitaja chumvi kila siku, akidhani hadithi yake ni fupi. Sikujua kwamba ulikuwa unanifundisha kusoma. Nilidhani unatuchelewesha tu.

Sasa mchezo huo nimeuhamishia kwenye darasa la watu wazima ninalosaidia kufundisha hapa, katika ukumbi wa kanisa, kila Jumatano jioni na Jumamosi mchana. Mwanzoni waliogopa ubao. Nilipoandika neno walitazama chini kama watu walioitwa na chifu. Ndipo nikawaomba kila mmoja alete neno moja kutoka nyumbani kwake, tulifuate lilikotoka, halafu tuliandike. Wakaleta chai na sukari. Wakalenjin wakasema kwao ni chaik na sukaruk, sisi tukasema vile tunavyosema kwetu nyumbani, na wote wakaona ni mgeni yuleyule aliyelala katika nyumba nyingi. Siku hiyo hakuna aliyetazama chini.

Waliofurahia zaidi ni wawili wanaokaa benchi moja na kusomea kitabu kimoja. Mzee Barno ni Mkalenjin, mkulima wa Kiplombe. Mama Shiku ana duka karibu na kanisa. Wazazi wake ni wa kabila letu, walitoka Murang'a, yeye akazaliwa hapahapa Langas. Nilipowaambia kwamba neno duka tulilipata kwa Wahindi, Mama Shiku alipiga makofi.

"Kumbe nimekaa ndani ya neno la Mhindi miaka hii yote, na hajawahi kunidai kodi!"

"Usiseme kwa sauti," Mzee Barno akamwambia. "Atakuja."

Mama Shiku alikuwa na haja yake. Alikuwa amepewa kusoma Neno kanisani Jumapili ya akina mama. Amekuwa katika kanisa hilo tangu utotoni, na kila mwaka alipoombwa alisema amesahau miwani. Hana miwani, Baba. Hajawahi kuwa nayo. Safari hii alikubali, na alikuja darasani kabla hata sijafungua mlango.

Halafu Jumatano moja wakaomba tufuate majina ya mahali. Niliandika Kapsoya, mtaa wa hapa mjini. Mzee Barno akasimama, furaha imemjaa, akaeleza kwamba "kap" katika lugha yao ni nyumbani kwa fulani, akataja mahali pengine pengi panapoanza hivyo. Kisha akageukia darasa na kusema, "Mnaona? Majina yanawajua wenyeji."

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mtu aliyepata kitu cha kufundisha kwa mara ya kwanza. Lakini wewe unajua mji huu, jinsi watu wa kwetu walivyofukuzwa hapa baada ya uchaguzi, na unajua ni kwa nini Mama alilia nilipopata kazi huku. Wengi walitazama chini tena. Mama Shiku alifunga daftari lake, akajifunga leso vizuri, akatoka. Jumamosi hakuja, na wengine watatu wa kwetu hawakuja.

Nilimfuata dukani. Alinipimia sukari bila kuniangalia.

"Mwalimu, sijakasirikia maneno," alisema. "Nimechoka kuulizwa natoka wapi. Mama yangu amezikwa hapa."

"Na Jumapili ya akina mama?"

"Watapata mwingine. Mimi nimesahau miwani."

Nililipa nikaenda.

Jumatano iliyofuata Mzee Barno aliketi peke yake kwenye benchi, kitabu kimefungwa. Nilipomweleza kilichomwondoa jirani yake, alichukua kofia yake akaondoka somo likiendelea. Nilidhani naye tumempoteza.

Kesho yake nikiwa napita kutoka kazini niliwakuta mlangoni pa duka, yeye na mkewe. Mkewe alikuwa amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa. Ni mama wa nyumba anayeyatoa, wala si mwanamume, na huku humpa mtu aliyerudi kutoka mbali. Umewaona kwenye televisheni wakiwanywesha wanariadha uwanja wa ndege.

Mama Shiku alikitazama kibuyu, akawatazama wateja waliokuwa wameacha kununua ili waone.

"Si hii ni ya wakimbiaji? Mbio zangu mimi ziliishia darasa la pili."

"Ni ya mtu wa nyumbani," mke wa Mzee akasema. "Kunywa, mkono umechoka."

"Na huyu mzee wako amesema nini?"

"Huyu? Huyu amesema mengi kuliko maziwa niliyobeba."

Mzee Barno alivua kofia. "Mama Shiku, nilisoma neno moja nikajiona mwalimu. Hapa ni kwenu. Rudi, lile benchi limenishinda."

Alikunywa. Alikunja uso kwa ule uchachu, wateja wakacheka, na yeye akacheka mwisho.

Alirudi Jumamosi. Wenzake wawili wamerudi pia. Mmoja bado, na sina hakika kama atarudi.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa Jumapili ya akina mama. Alisimama mbele, kidole juu ya mstari, akasoma neno baada ya neno. Kuna mahali alikwama. Kanisa zima lilingoja, na mimi nikauma midomo nisimsaidie. Akalipata. Alipofika mwisho wa sehemu aliyopewa, mchungaji alinyoosha mkono apokee kipaza sauti. Mama Shiku hakumwona. Alifungua ukurasa uliofuata akaendelea kusoma, na mchungaji akarudisha mkono, akaketi.

Nisalimie Mama, na Kamau na mkewe, na shangazi wa kule juu mlimani, na yule jirani anayekuletea gazeti. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Wairimu